Nani Alichora Mpaka wa Baa za Minneapolis?



Kiswahili kimeipa nyumba ya kulia chakula jina la kahawa. Tunaingia mkahawani, tunaagiza pilau na samaki wa kupaka, tunashushia kwa maji ya ukwaju, na kahawa yenyewe huenda tusiiguse kabisa, lakini jina lake ndilo lililo mlangoni. Wanaoijua lugha ya Kiarabu wanatuambia jambo la kuchekesha zaidi: neno qahwa, kabla halijawa la kahawa, lilikuwa moja ya majina ya mvinyo. Kwa hiyo katika neno moja tunalolitamka kila siku mna sahani, mna kikombe, na kwa mbali mna glasi.

Hapa Minneapolis na Saint Paul sahani na glasi hazikuachiwa lugha peke yake. Zilitungiwa sheria, zikachorewa mpaka kwenye ramani, na wapiga kura wakaitwa waamue ipi itangulie. Wengi wetu tunaokwenda kula nje Jumamosi jioni hatuna habari na hayo, wala hatuna lawama, maana hakuna mhudumu anayeleta historia pamoja na orodha ya vyakula. Lakini sisi tuliokaa hapa miaka mingi tumeona kwamba mengi yanayotusumbua mezani, sisi kwa sisi, yalikwisha kuwasumbua waliotutangulia katika mitaa hii hii.

Chukueni ile mikahawa midogo ya kokteli inayopendwa na vijana siku hizi. Mara nyingi ni chumba kimoja kwenye kona ya mtaa wa makazi, mahali palipokuwa duka la dawa au banda la fundi viatu. Meza hazizidi kumi na tano. Kaunta ni ya mbao, ina viti virefu saba au vinane, na nyuma yake chupa zimepangwa kama vitabu vya maktaba. Mchanganyaji anaponda majani ya mnanaa, anakamua ndimu, anatikisa kopo la bati mpaka linatoka jasho la barafu. Chakula huja katika visahani vya kugawana, jambo linalowaudhi wale wetu waliolelewa kwenye sinia, maana visahani vitatu vya watu wanne ni kama kumwonjesha mtu harufu. Mgeni anayefika leo ataamini kuwa hivyo ndivyo jiji lilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya Minneapolis, kuuza kokteli kwenye kona ya namna ile lilikuwa kosa la kisheria.

Mwaka 1884, meya akiwa George A. Pillsbury, wa ukoo ule uliotajirika kwa unga wa ngano, jiji lilichora mpaka. Baa ziliruhusiwa katika eneo ambalo askari wa doria waliweza kulizunguka kwa miguu: katikati ya jiji, kando ya mto Mississippi, na katika mitaa ya wafanyakazi iliyopakana na mto. Nje ya hapo, marufuku. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kipolisi: askari ni wachache, jiji linatanuka, basi walevi wawekwe mahali wanapoonekana. Ukaitwa mpaka wa doria. Lakini ukiitazama ramani yake huhitaji shahada kuelewa nani alikuwa akilindwa na nani alikuwa akichungwa. Mitaa ya wenye nacho, kuelekea maziwa ya kusini-magharibi, ilibaki haina baa hata moja. Cedar Avenue, walikoshukia wahamiaji, iliwekwa ndani.

Miaka mitatu baadaye, 1887, serikali ya jimbo ilipandisha ada ya leseni katika miji mikubwa hadi dola 1,000 kwa mwaka. Mwenye baa ndogo angezipata wapi? Waliokuwa nazo ni viwanda vya bia. Viwanda vikalipa leseni, vikanunua na majengo, na mwenye baa akageuka wakala wa kuuza bia ya bwana mmoja. Sheria iliyosema inapunguza ulevi ikawa imempokonya mtu mdogo biashara na kumkabidhi mkubwa. Tunaitaja kwa sababu namna hii ya sheria haikuishia hapo.

Wahamiaji wa Cedar wa siku zile walikuwa Waswidi, Wanorwe na watu wa Denmaki. Mtaa wao ulitaniwa Snusgatan, yaani Barabara ya Ugoro, kwa ajili ya ule ugoro wa majimaji waliouficha chini ya mdomo. Kulikuwa na baa, kulikuwa na kumbi za michezo ya kuigiza kwa lugha za kwao, na kulikuwa na Dania Hall, ukumbi uliojengwa na chama cha watu wa Denmaki mwaka 1886. Sisi tuliofika mapema tuliukuta umesimama. Uliteketea kwa moto Februari 2000 wakati ukikarabatiwa.

Tusidhani wahamiaji wale walikuwa kitu kimoja. Katika nyumba moja ya Kinorwe ungeweza kumkuta baba anayemaliza mshahara wake Cedar na mama aliyeweka nadhiri kanisani kwamba pombe haitaingia mlangoni. Chama cha kupinga pombe kilikuwa na nguvu miongoni mwa Walutheri wa Skandinavia kuliko wageni wanavyodhani. Na kutoka katika watu hao hao alitoka Andrew Volstead, mtoto wa wahamiaji wa Norwe, mwanasheria wa mji mdogo wa Granite Falls hapa Minnesota, aliyekuwa mbunge huko Washington na mwenyekiti wa kamati ya sheria. Jina lake ndilo lililobandikwa kwenye sheria ya kupiga marufuku pombe Marekani nzima, iliyopitishwa tarehe 28 Oktoba 1919 baada ya Bunge kuipindua kura ya turufu ya Rais Wilson. Kinywaji chochote kilichozidi nusu asilimia ya kilevi kikawa haramu kuanzia Januari 1920. Mtoto wa Wanorwe alizifunga baa za Wanorwe.

Matokeo yake yanajulikana, hatutayarefusha. Wakulima wa Stearns, kaskazini-magharibi mwa miji yetu, waligeuza mahindi ya mbegu ya Minnesota 13, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota, yakawa gongo lililosifika kwa jina hilo hilo la mbegu. Saint Paul tayari ilikuwa na utaratibu wake wa ajabu, ulioanzishwa na mkuu wa polisi John O'Connor: jambazi aje, ajiandikishe, atoe kitu kidogo, asifanye uhalifu ndani ya jiji, basi ale na alale kwa amani. Baa ya Green Lantern kwenye Wabasha ilikuwa moja ya vituo vya utaratibu huo, hadi mwenyewe, Dan Hogan, alipouawa kwa bomu lililotegwa katika gari lake Desemba 1928. Mnywaji wa kawaida alipata kitu kichungu chenye harufu ya mafuta ya taa, na hapo kokteli ikapanda cheo. Haikuzaliwa wakati huo. Wamarekani walikwisha kuwa nalo neno hilo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini asali, ndimu na juisi ya machungwa vilikuwa na kazi mpya ya kuficha ubaya wa kilichomo. Leo Minneapolis ina mkahawa wa kokteli unaoitwa Volstead's Emporium, wenye mlango wa nyuma kwenye kichochoro kama enzi za magendo. Mzee wa Granite Falls angejua kwamba jina lake lingeuza jini na nyama ya kuchoma, sijui angesema nini.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana mwaka huo wa 1919 una ndugu yake upande wetu. Tarehe 10 Septemba, wiki saba tu kabla ya sheria ya Volstead, mataifa makubwa yalitia saini huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mkataba kuhusu biashara ya pombe kali barani Afrika. Ulirithi mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Ukiyasoma maneno yake utadhani umeandikwa na makasisi wenye huruma. Utekelezaji ulikuwa mwingine. Sheria za kikoloni za Afrika Mashariki zilimzuia Mwafrika asinywe pombe kali, na Mzungu zikamwachia. Hoteli ya Norfolk ilikuwa imefunguliwa Nairobi Desemba 1904. Kiwanda cha bia cha Kenya kilianza mwaka 1922. Na waliobeba trei za wiski na jini jioni baada ya jioni walikuwa Waafrika wa kanzu nyeupe ambao sheria haikuwaruhusu kuonja walichokibeba. Mwafrika alijengewa kilabu cha manispaa, akauziwa pombe ya kienyeji chini ya usimamizi wa serikali. Neno kilabu tumebaki nalo mpaka leo, kwa maana ya mahali pa pombe za kienyeji. Ruhusa ya bia ya chupa ilingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ya pombe kali ilingoja hadi miaka ya 1950.

Na ukidhani rangi ya ngozi haikuingia katika sheria za pombe za huku, zunguka nyuma ya Cedar uende Franklin Avenue, mtaa wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Mpaka mwaka 1953 sheria ya shirikisho ilikataza Mhindi Mwekundu, kama alivyoitwa na vitabu vyetu vya shule, kuuziwa pombe. Mzee wa Nairobi na mzee wa Franklin wangekutana mwaka 1950, mmoja na mwingine wangeelewana bila mkalimani juu ya jambo hilo.

Wapo watakaosema, afadhali walivyokatazwa, pombe imewamaliza watu. Hoja hiyo tunaiheshimu. Tumezika vijana wetu hapa kwa ajali za barabarani zenye chupa ndani yake. Ila kukatazwa na dhamiri yako ni jambo moja, na kukatazwa kwa sababu ya kipande cha mji unachokaa au rangi uliyozaliwa nayo ni jambo jingine.

Marufuku ya Volstead ilikufa tarehe 5 Desemba 1933. Mpaka wa Minneapolis haukufa nayo. Uliendelea hadi miaka ya 1970, na hata ulipofutwa, kivuli chake kilibaki kwenye katiba ya jiji. Maeneo makubwa ya biashara yaliruhusiwa baa. Mkahawa wa mtaani, uliozungukwa na nyumba za watu, uliruhusiwa bia na mvinyo tu, tena kwa sharti la hesabu: katika kila dola 100 unazoingiza, dola 70 zitoke kwenye chakula, zisizozidi 30 zitoke kwenye glasi. Wenye mikahawa waliiita sabini kwa thelathini. Kwa miaka mingi haikuwabana sana. Ilianza kuwabana pale bia za viwanda vidogo zilipopanda bei, maana mteja aliyekula mkate wa nyama na kunywa bia mbili za bei hiyo alikuwa amekwisha kuvuruga hesabu ya jiji bila kujua wala kulewa.

Hesabu hiyo ya sahani na glasi tuliipata sisi wenyewe mezani. Tulikuwa watu wanane, tumetoka kumpongeza mwenzetu aliyehitimu uuguzi, tukaingia mkahawa mmoja mdogo wa Saint Paul tusioutaja jina. Kati yetu alikuwamo bwana wa Mombasa asiyegusa kilevi, dada wa Kisii ambaye ni Msabato wa kweli, Wachaga wawili ambao hatuna haja ya kuwaeleza, mama wa Bukavu anayekunywa glasi moja ya mvinyo kwa mwaka, na wengineo. Chakula kilikuwa kizuri, mazungumzo yalikuwa mazuri zaidi. Kisha ikaja bili. Kokteli moja dola 14, na zilikuwa nyingi. Mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, tugawane sawa kwa sawa kama ndugu. Bwana wa Mombasa akanyamaza. Alipobanwa aseme, alisema kwa upole kwamba fedha si neno. Angelipa chakula cha meza nzima akitakiwa, lakini hawezi kulipia glasi, hata senti, kwa sababu kwake kulipia ni sawa na kunywa. Dada wa Kisii akasema na yeye vilevile, ila kwake ilikuwa fedha pia, maana alikunywa maji. Mchaga mmoja akaona ametukanwa. Kwa dakika kumi hivi udugu wetu wa Afrika Mashariki ulikuwa juu ya meza kama kisahani kilichobaki ambacho kila mtu anaogopa kukichukua.

Aliyetuokoa ni mhudumu, msichana wa hapa, aliyeuliza kama kwamba ni jambo la kila siku: je, nitenge bili ya chakula na bili ya vinywaji? Akatenga. Chakula tuligawana wanane, vinywaji wakalipa wanywaji, na bakshishi tukaitoa pamoja. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya, na tunaagiza hivyo tangu mwanzo kabla glasi ya kwanza haijafika. Wale wanaotuona washamba tunawakumbusha kwamba jiji zima la Minneapolis lilikuwa na bili mbili kwa mujibu wa katiba.

Kuhusu bakshishi, tuseme neno la pembeni, maana wengi wetu tumezijua baa hizi kwanza kutoka jikoni, tukiosha vyombo usiku baada ya masomo. Minnesota ni moja ya majimbo machache ambayo mwajiri haruhusiwi kumkata mhudumu mshahara wa kima cha chini kwa kisingizio kwamba anapata bakshishi. Minneapolis ilipandisha kima hicho hatua kwa hatua, na kufikia Julai 2024 dola 15 na ushee kwa saa ikawa haki ya kila mfanyakazi, awe wa kampuni kubwa au ndogo. Anayesema kwamba kwa hiyo tusiache kitu mezani hajawahi kusugua sufuria saa saba za usiku.

Novemba 2014 wapiga kura wa Minneapolis waliifuta sabini kwa thelathini. Novemba 2018 wakaitwa tena, wakayaondoa kwenye katiba ya jiji masharti yaliyobaki ya chakula na pombe kwa mikahawa ya mitaani, na mlango ukafunguka kwa mkahawa mdogo wa kona kupata leseni ya pombe kali bila kuzungukia kwa wabunge wa jimbo. Katikati hapo, mwaka 2017, jimbo liliruhusu maduka ya pombe kufungua Jumapili. Ndiyo maana mikahawa hii midogo ya kokteli imechipuka kama uyoga katika miaka ya karibuni, hadi kwenye mitaa ambayo mpaka wa 1884 uliitunza safi. Mtaa wa wenye nacho sasa una kokteli, na unaziita utamaduni. Zilipokuwa Cedar ziliitwa tatizo la polisi.

Je, sisi tuko wapi katika habari hii? Wasomali walianza kufika kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapanga katika majumba marefu ya rangi za rangi yaliyosanifiwa na Ralph Rapson na kukamilika mwaka 1973, pale pale Cedar. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wetu tulielekea zaidi kaskazini, Brooklyn Park na Brooklyn Center, lakini chai tunakwenda kunywa Cedar. Na mikahawa ya ndugu zetu wale haiuzi kilevi. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwenye mkahawa yeyote, awe wa Minneapolis au wa Dar es Salaam, atakuambia faida haiko kwenye nyama, iko kwenye glasi. Nyama inanunuliwa ghali, inapungua jikoni, inaharibika. Kinywaji kinamiminwa tu. Mkahawa usio na glasi unaishi kwa wali, mbuzi, sambusa na chai ya maziwa, huku wazee wanne wakikalia meza moja saa tatu kwa kikombe kimoja kimoja, wakimaliza siasa za Mogadishu na Nairobi. Sheria ya sabini kwa thelathini haikuwahusu kamwe: wao walikuwa mia kwa sifuri. Tunapolalamika kwamba bei ya sahani imepanda, tukumbuke kwamba sahani hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, umeme, na kile kiti cha mzee.

Nasi tunaokunywa hatuna pa kukaa na wasiokunywa. Wakenya huchoma nyama kwenye ua wakati wa kiangazi, kila mtu na friji lake la barafu. Majira ya baridi yakiingia tunakodi ukumbi, au tunatawanyika. Hapo, tuseme kwa haki, ile mikahawa midogo ya kokteli imetushangaza. Katika miaka hii imeanza kuweka ukurasa mzima wa vinywaji visivyo na kilevi, vinavyochanganywa kwa uangalifu ule ule, tangawizi, ndimu, asali, hibiskasi, na kuletwa kwenye glasi ile ile. Bwana wetu wa Mombasa alipoonja mojawapo alisema ni dawa ya mafua iliyovaa suti. Wasomaji wa Nairobi watacheka, maana kwao Dawa ndiyo hasa kokteli maarufu ya mkahawa wa Carnivore, ya vodka, ndimu na asali yenye kijiti cha kukorogea.

Tumalizie pale Cedar. Namba 500 palikuwa na baa iliyoitwa Palmer's, katika jengo la mwaka 1906. Ilipita marufuku ya Volstead, ikapita mpaka wa doria, ikawaona Waswidi wakihama, wanafunzi na wapiga gitaa wakiingia, na Wasomali wakifika. Sifa yake ilikuwa moja: mmiminaji hakuwa bahili. Mlango wa pili ni msikiti wa Dar Al-Hijrah, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa zaidi ya miaka ishirini walevi na waumini waligawana njia moja ya waenda kwa miguu, na kama tulivyoona kwa macho yetu mara nyingi usiku wa Ramadhani, wakipishana kwa salamu.

Tarehe 17 Machi 2020 gavana alifunga baa na mikahawa yote ya jimbo kwa sababu ya korona. Mwezi uliofuata, Ramadhani ikiingia na misikiti ikiwa imefungwa, jiji liliruhusu adhana isikike kwa kipaza sauti kutoka Dar Al-Hijrah, ili watu wa majumba marefu waisikie majumbani mwao. Mwaka 2023 Minneapolis ikawa jiji kubwa la kwanza Marekani kuruhusu adhana mara tano kwa siku mwaka mzima. Baa nazo zilikuwa zikipungua moja moja. 400 Bar ilikwisha kufungwa mwaka 2012, Triple Rock mwaka 2017. Palmer's ilimimina glasi ya mwisho tarehe 14 Septemba 2025, na jengo likanunuliwa na jirani yake, msikiti.

Katika watu wetu wapo waliofurahi waziwazi, na wapo waliokwenda kuaga, wakasimama kwenye foleni ndefu barabarani pamoja na Wazungu wenye ndevu nyeupe waliokuwa wakilia. Mwingine wetu alifanya yote mawili: aliswali magharibi upande mmoja, akavuka kwenda kumpa mkono mhudumu aliyemjua tangu alipokuwa dereva teksi na akihitaji choo saa nane za usiku. Usiku huo huo, mikahawa ya chai ya Cedar ilikuwa imejaa kama kawaida, na mabehewa ya treni yaliendelea kuteremsha watu waliotoka zamu ya jioni hospitalini, wakitafuta kikombe chenye iliki kabla ya kulala.